Hivi mfalme wa Ashuru alikuwa anaamua yeye mwenyewe, au ini la kondoo ndo linamwamulia?

Jirani_Buguruni

Wakuu habari za usiku. Nina swali naomba wanaojua historia mnisaidie, hili jambo liko rohoni wiki ya pili sasa.

Juzi kijiweni tunakunywa kahawa, mzee wetu mmoja anayependa sana kusoma akatuambia wafalme wa Ashuru, hawa wa Ninawi tunaowasikia kwenye Biblia, jeshi lao lilikuwa haliendi popote mpaka kondoo achinjwe na ini lake litazamwe. Mimi nikabisha sana. Nikamwambia mzee wangu, hao ndo watu waliouzingira mji wa Lakishi mwaka 701 KK wakajenga mlima wa mawe na udongo mpaka usawa wa ukuta ili wapandishe mitambo ya kubomolea, ndo Sennacherib huyo huyo (kwenye Biblia yetu Senakeribu) aliyevuta maji ya mlimani mpaka Ninawi kwa mfereji uliopita juu ya daraja la mawe pale Jerwan, sasa mtu mwenye mafundi wa hivyo anaenda kuuliza maini? Mzee akasema ndiyo, na siyo maini tu, na mwezi na nyota na mbweha akiingia mjini.

Niwaambie kwa nini inanigusa. Mwaka jana mama alivimba mguu ghafla ukawa mwekundu na wa moto, na baba mdogo ndo mkubwa wetu tangu baba afariki, akaenda kwa mtaalamu mmoja akapiga ramli, ikaja kwamba mgonjwa asitoke nyumbani kabla ya siku 9. Tukakaa siku 9. Siku ya 10 tunafika hospitali daktari anatuuliza mlikuwa wapi wiki nzima. Mama yupo Mungu mkubwa, ila mguu haujarudi vile ulivyokuwa. Simlaumu baba mdogo, alikuwa na hofu na anampenda shemeji yake. Ila tangu siku ile najiuliza, pale nani aliamua? Baba mdogo, yule mtaalamu, au zile kete?

Kwa hiyo kwa hao Waashuru nani alikuwa na neno la mwisho? Nawasilisha.

Kisiki_cha_Mpingo

Pole na mama mkuu. Jibu mbona fupi, mfalme anaamua kwanza halafu anamwambia mganga wake aseme ndiyo, wananchi wanapata moyo na majenerali wananyamaza. Siasa ndo ilivyo tangu enzi hizo.

Mwl_Mstaafu_Temeke

Jirani pole sana kwa mama. Kisiki ndugu yangu naomba nikupinge kwa heshima, ingekuwa danganya toto wasingejisumbua kiasi kile. Nimefundisha historia sekondari miaka mingi na kipande hiki nakipenda kuliko vyote, nivumilieni nitaandika kirefu.

Kwanza tunajuaje. Ninawi ilichomwa moto mwaka 612 KK, na maktaba ya mfalme Ashurbanipal ilikuwa vibao vya udongo, kwa hiyo moto ambao ungemaliza karatasi zote wao uliwakaushia udongo ukawa kama tofali. Karne ya 19 Mwingereza Layard, na Hormuzd Rassam ambaye ni mtoto wa Mosul (Iraq ya leo) pale pale jirani na magofu, wakachimba wakatoa vibao na vipande kama 30,000, viko London mpaka leo. Na humo ndani kuna kitu ambacho kila nikikisoma nasisimka, maswali yenyewe ambayo Esarhaddon (alitawala 681 mpaka 669 KK) na mwanae Ashurbanipal walikuwa wanamuuliza Shamash, mungu wao wa jua na wa haki. Yamepatikana zaidi ya 300.

Swali linakwenda hivi. Linaanza kwa kumwomba Shamash, bwana mkubwa, anijibu kwa uhakika hili ninalomuuliza. Halafu linataja muda, kuanzia leo tarehe fulani mpaka tarehe fulani mwezi fulani, nje ya hapo jibu halina kazi. Halafu ndo jambo lenyewe, na jambo linakuja limeshapikwa tayari. Mfano Bartatua mfalme wa Waskithi, wale wapanda farasi wa kaskazini, alileta posa kwa binti wa Esarhaddon, mfalme anauliza nikimwoza, huyu mtu atasema na mimi maneno ya kweli, atashika kiapo chake? Au mtu anataka kupewa cheo, hatajwi kwa mdomo, jina lake limeandikwa kwenye papairasi (karatasi ya matete) imewekwa mbele ya mungu, swali linasema huyu mtu ambaye jina lake liko kwenye papairasi hii, akipewa kazi atamfanyia mfalme fitina?

Mnaona sasa. Ini halimwambii mfalme nenda Misri. Mfalme na washauri wake ndo wameshapanga kwenda Misri, ini linaulizwa ndiyo au hapana. Na likisema hapana wanaweza kuuliza tena kwa kondoo mwingine, au wanabadilisha mpango, jemadari mwingine, njia nyingine, mwezi mwingine, wanarudi kuuliza.

Halafu kuna kipande kinanigusa mno. Mtazamaji wa ini anamwomba Shamash asijali makosa ya kibinadamu, usijali kama mtu mchafu amemgusa kondoo, usijali kama mimi mtumishi wako nimevaa nguo zangu za kila siku zilizochafuka, usijali kama maneno ya swali yamenichanganyikia mdomoni. Mtu anayecheza maigizo ya siasa haandiki hivyo. Huyo ni mtu anayetetemeka asije akamkosesha mfalme.

Mchinjaji_Kisu_Butu

Mwalimu shikamoo. Mimi siyo msomi ila kazi yangu ni machinjioni hapa mjini mwaka wa 14 huu na nimesoma hii thread nikiwa nimekaa juu ya ndoo nimesubiri gari, naomba niongee kuhusu ini maana hapo nina uwezo.

Watu wanadhani ini la kondoo ni kipande tu cha nyama chekundu, siyo kweli kabisa, ukilitoa la moto likiwa bado linafuka mvuke ukaligeuza chali upande ule lililokuwa limelala na tumbo utaona ni kama ramani, kuna mfereji katikati unaogawa huku na huku, kuna nyongo imening'inia kama puto dogo la kijani, na juu pale kuna kinyama kimesimama peke yake kama kidole gumba, na kuna mistari imebaki pale matumbo yalipokuwa yameegemea. Na sijawahi kuona mawili yanafanana. Nyongo nyingine ndefu, nyingine imejificha, kidole kingine kimechanika, lingine lina vitundu, na kondoo waliolishwa mabondeni kwenye maji maji maini yao yana minyoo bapa, ukipitisha kisu inakwaruza kama unakata mchanga, mirija imekakamaa, hilo mkaguzi wa nyama analitupa hapo hapo. Kwa hiyo mkaguzi wetu na yeye anasoma ini kila siku asubuhi, na anaamua nani ale na nani asile.

Swali langu mwalimu, hao watazamaji walikuwa na majina ya hizo sehemu au wanabahatisha tu?

Mwl_Mstaafu_Temeke

Marahaba kijana wangu, na umenifurahisha kupita maelezo, maana ulichokitaja wewe kwa macho yako ndo wenyewe walichokiandika! Kile kidole wao pia walikiita kidole. Ule mfereji wakauita lango la ikulu. Ile mistari mmoja waliuita mahali pa kusimama, yaani pale mungu anaposimama akija kwenye kikao, mwingine wakauita njia, ndo wanapoangalia safari ya jeshi. Nyongo ni nyongo. Kinyama kidogo kilichochomoza waliita silaha, wanaangalia kimeelekea wapi. Watazamaji wenyewe waliitwa baru, na kitabu chao cha kazi kilijaa vibao kama 100. Na kuna ini la udongo la kufundishia, limetengenezwa nchi ya Babeli miaka kama 1,000 kabla ya Esarhaddon, limechorwa vyumba zaidi ya 50 na kila chumba kina maandishi na tundu.

Kanuni kubwa ni hii, kulia ni kwangu, kushoto ni kwa adui. Kidonda upande wa kulia mimi nimeumia, kidonda kile kile kikiwa kushoto basi adui ndo kaumia na mimi nashangilia. Wanapita sehemu zote, mapafu na mizunguko ya utumbo pia, wanahesabu mazuri mangapi mabaya mangapi, mwisho wanatoa hukumu.

Mtumishi_Tabata

Ndugu zangu mambo haya Neno limeyakataza. Ezekieli 21 mstari wa 21 inamtaja mfalme wa Babeli yuko njia panda anatikisa mishale na kutazama ini. Jirani, mwombee mama yako na umpeleke hospitali, hizo kete waachie wenyewe.

Jirani_Buguruni

Amina mtumishi, mama tunamuombea kila siku. Ila naona hata huo mstari unathibitisha mzee wetu alikuwa sahihi. Mwalimu na mchinjaji asanteni, nimejifunza leo kuliko mwaka mzima. Je na hayo ya mwezi na nyota?

Mamy_Kigogo

Kaka Jirani ya mwezi ngoja nikujibu mimi, haya mambo nimeyasoma nikalia.

Mwezi ukipatwa Ninawi siyo habari ya kutoka nje kuangalia na watoto. Walikuwa wameugawa mwezi sehemu nne, kila sehemu ni nchi, upande mmoja Akkad (nchi ya Babeli, kusini), mwingine Elamu (mashariki), mwingine nchi za magharibi, mwingine Ashuru yenyewe. Kivuli kikifunika upande wako mfalme wako anakufa. Ila wanaangalia kama Mshtarii, ile nyota tunaita Jupita, inaonekana usiku huo, ikiwepo mfalme amepona. Isipokuwepo ndo balaa linaanza.

Wanatafuta mfalme wa badala. Mara nyingi mtu ambaye hana mtetezi, mfungwa, maskini, mtu wa chini. Anavikwa nguo za mfalme, anakalishwa kwenye kiti cha enzi, anapewa na msichana awe malkia wake, na zile ishara mbaya zote anasomewa ili zimshukie yeye. Mfalme wa kweli anajificha, na barua zinazokwenda kwake huko alipo zinaandikwa "kwa mkulima". Hali hiyo inaweza kwenda mpaka siku 100. Halafu yule wa badala anakufa. Ishara imetimia, mfalme amekufa kweli, na mkulima anatoka mafichoni anarudi kuwa mfalme.

Esarhaddon alifanya hivi zaidi ya mara moja. Mwaka 671 KK, mwaka ule ule aliotwaa Memfi kule Misri, aliyekalishwa hakuwa mfungwa wala maskini, alikuwa Damqi, mtoto wa mkuu wa hekalu la Akkad, familia kubwa. Mjumbe wa mfalme kule Babeli anaitwa Mar-Issar, barua yake ipo, anaeleza kwamba Damqi aliyetawala Ashuru na Babeli na nchi zote amekufa pamoja na malkia wake kwa ajili ya kumwokoa mfalme na mwanae, na kwamba wamewatengenezea kaburi, wamewapamba, wamewazika, wamewalilia. Na anasema watu wa Babeli waliingiwa na hofu. Na ameandika kitu kingine, nabii mwanamke alikuwa ameshamwambia Damqi kabla kwamba wewe utachukua ufalme.

Hapo mimi ndo nashindwa kupumua. Kisiki atasema siasa na inawezekana kabisa walikuwa wanamwondoa mtu wa ukoo mkubwa kusini. Lakini yule msichana je? Jina lake hata halipo kwenye barua, Damqi ametajwa na baba yake katajwa cheo, yeye ni "malkia wake" basi.

Kisiki_cha_Mpingo

Dada Mamy umeniumiza. Nakubali nilijibu haraka mwanzo. Ila naomba mnisikilize na mimi kwa moja maana hii naijua vizuri. Sennacherib aliibomoa Babeli mwaka 689 KK. Mwanae Esarhaddon akataka kuijenga upya, sasa kikwazo ni kwamba mungu Marduk ameshaandika mji ukae ukiwa miaka 70. Wakafanyaje? Maandishi yao ya namba, alama ya msumari uliosimama ikitangulia inasomeka 60, na alama ya pembe ni 10, kwa hiyo 60 na 10 ni 70. Ukizigeuza, pembe ikatangulia, msumari unasomeka 1, inakuwa 10 na 1, yaani 11. Esarhaddon akaandika kwamba Marduk amepata huruma akaigeuza namba juu chini, mji ukajengwa. Hapo nani kaamua?

Mwl_Mstaafu_Temeke

Kisiki hoja nzuri sana hiyo, na naikubali. Mfalme alikuwa na mkono ndani ya ishara. Na Esarhaddon alikuwa na sababu ya kuhofu, babu yake Sargon aliuawa vitani mwaka 705 KK na mwili haukupatikana, baba yake aliuawa na wanawe mwenyewe mwaka 681, na yeye alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, homa, vipele, kukosa hamu ya kula. Mtu wa hivyo akisikia nguchiro amepita chini ya gari lake la farasi anaandika barua kuuliza, na barua hiyo ipo. Mbweha akiingia mji wa Ashur akatumbukia kisimani kwenye bustani ya mungu, mfalme anaandikiwa barua, tumemtoa tumemuua.

Lakini Jirani, sasa nakujibu swali lako lenyewe la baba mdogo, maana tumelizunguka. Wafalme hawa hawakumwamini mtaalamu mmoja. Kuna kibao kinaeleza Sennacherib alitaka kujua baba yake alikosa nini mpaka akafa vile, akawagawa watazamaji makundi makundi wasiweze kusemezana, kila kundi lina kondoo wake, ndo akasubiri kuona kama watakutana. Wanajimu nao walikuwa wanaandika kutoka miji tofauti, Ashur, Babeli, Uruk, mfalme anazilinganisha barua. Na wenyewe wanasahihishana bila huruma. Kuna mmoja alimwandikia mfalme kwamba Zuhura (Venus) imeonekana, mwenzake akaandika huyo ni mjinga hajui kutofautisha Zuhura na Utaridi (Mercury)! Waligombana mpaka ndani ya ikulu, usiku wakaenda kuangalia wenyewe kwa macho wakamaliza.

Jambo la pili, ishara kwao haikuwa hukumu ya mwisho hata siku moja. Kila ishara mbaya ilikuwa na dawa yake, inaitwa namburbi, kwa mfano wanafinyanga sanamu ya yule mnyama aliyekutokea, wanaomba mbele ya Shamash, wanaitupa mtoni ubaya uende na maji. Kazi ya ishara ni kumwamsha mtu afanye kitu, siyo akae tu.

Na la tatu ndo ninalotaka ulisome ukiwa umekaa. Balasi na Nabu-ahhe-eriba walikuwa wanajimu wakubwa pale, Balasi ndo alimfundisha Ashurbanipal. Kipindi fulani Esarhaddon alifunga kula kwa sababu ya mambo haya haya ya nyota. Hawa wawili, ambao kazi yao ni ishara, wakamwandikia mfalme kwamba siku moja haitoshi kweli, leo ni ya tatu hujala kitu, wanamsihi ale chakula. Wataalamu wenyewe ndo wanamwambia inatosha.

Mtaalamu wa baba yako mdogo angemwambia hivyo siku ya pili, mama angekuwa anatembea. Pale palikuwa na mtu mmoja, kauli moja, na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza tena.

Jirani_Buguruni

Mwalimu nimesoma mara tatu. Sikujua kama mtu wa karibu miaka 2,700 iliyopita anaweza kuniandikia mimi. Kesho Jumapili baba mdogo anakuja kula hapa nyumbani, nitamsomea hiyo ya Balasi, siyo kwa kumsuta, nataka tu tuiongee maana hatujawahi kuiongea tangu siku ile.

Swali dogo la mwisho, hivi yule mfalme wa badala iliwahi kutokea asife?

Mamy_Kigogo

Iliwahi kaka, zamani sana kabla ya Ashuru kuwa kubwa, mji wa Isin kusini. Mfalme Erra-imitti alimkalisha mtunza bustani anaitwa Enlil-bani, wakamvika taji kichwani. Halafu Erra-imitti akafia ndani ya ikulu akinywa uji wa moto. Mtunza bustani akakataa kushuka, akawa mfalme kweli kweli. Masimulizi yao wenyewe ndo yanasema hivyo, na Enlil-bani kwenye orodha ya wafalme wa Isin yumo.

Mchinjaji_Kisu_Butu

Uji wa moto! Jamani.

Jirani ukimaliza na baba mdogo karibu na yeye huku machinjioni, kondoo wanaanza mapema kabla ya saa 12 asubuhi, mje na gambuti chini kuna maji. Nitawawekea ini moja pembeni nimwoneshe kidole na lango la ikulu, na mwalimu kama magoti yanaruhusu naomba aje atuoneshe ile njia iko wapi maana nimetafuta leo kwenye maini sita na nadhani nimeiona kwenye manne.